Ugali, wali, ndizi au viazi: kuchagua chakula kikuu cha mgonjwa wa figo

Nyumba ikipata mgonjwa wa figo, ushauri huingia kwa kila mlango. Shangazi anasema ugali uachwe. Jirani anasema wali ni sukari tupu. Mwingine amefika na kilo mbili za unga wa lishe wenye soya, karanga, ulezi na dagaa, ili mgonjwa apate nguvu. Wiki tatu baadaye mgonjwa anaishi kwa uji mwepesi na chai, nguo zinamlegea, na anayepika hajui tena abandike nini jikoni.

Hapa tunalinganisha kitu kimoja tu: kile kinachojaza nusu ya sahani au zaidi. Mchuzi na mboga tutazigusa pale zinapobadilisha hesabu. Tumechagua chakula kikuu kwa sababu ndicho kinacholiwa kwa wingi kila siku. Kosa dogo kwenye kitoweo unalila mara moja kwa wiki, lakini kosa kwenye chakula kikuu unalila mara kumi na nne.

Kabla ya kusoma zaidi, tafuta karatasi ya majibu ya damu ya karibuni. Ndizi ileile inayomfaa mwenye potasiamu (madini yanayotoka kwenye chakula) ya 4.2 kwenye damu inaweza kumlaza wodini mwenye 6.0. Bila karatasi hiyo unachagua gizani.

## Tutapima kwa vigezo gani

Potasiamu. Figo ndizo zinazoitoa mwilini. Zikichoka, inabaki kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita. Ikipita 5.5 inatakiwa kushughulikiwa; ikifika 6.0 na kuendelea, moyo unaweza kwenda kombo bila mgonjwa kuhisi chochote kabla. Lakini wengi walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa wana potasiamu ya kawaida kabisa, na hao hawana sababu ya kunyimwa viazi.

Fosforasi. Nayo ni madini ya kwenye chakula. Ikizidi, mgonjwa hujikuna, mifupa hudhoofika na mishipa ya damu hukakamaa. Fosforasi ya nafaka imefungwa ndani ya punje, kwa hiyo mwili hunyonya chini ya nusu yake. Ile iliyoongezwa kiwandani, kama ya baking powda, soda za rangi nyeusi na soseji, hunyonywa karibu yote. Namba mbili zinazofanana kwenye jedwali zinaweza kuwa na uzito tofauti sana mwilini.

Protini. Asiyesafishwa damu kwa mashine, akiwa hatua ya 3 hadi ya 5 (ugonjwa wa figo una hatua tano, ya 5 ndiyo kali kuliko zote), kwa kawaida hulengwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayesafishwa damu anahitaji zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu mashine huondoka na sehemu ya protini. Mtu wa kilo 60, basi, ni gramu 48 upande mmoja na 60 hadi 72 upande wa pili. Yai moja lina gramu 6 hivi.

Sukari na nguvu. Wagonjwa wengi wa figo wana kisukari pia. Wakati huohuo, mwili usiopata nguvu za kutosha kutoka kwenye wanga na mafuta hula misuli yake wenyewe, na taka za misuli hiyo huongeza mzigo wa figo. Kunyimwa wanga si tiba.

Chumvi na maji. Chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya paketi, isizidi gramu 5. Hicho ni kijiko cha chai kimoja kisichojaa. Maji hupimwa zaidi kwa wanaosafishwa damu wasiopata mkojo wa kutosha, na kwao uji na mtori huhesabiwa kama kinywaji.

Jikoni. Je, potasiamu inaweza kutolewa kwa namna ya kupika? Kwa vyakula vingine ndiyo, kwa vingine hakuna haja.

## Namba kwa gramu 100 za chakula kilichoiva

| Chakula | Potasiamu (mg) | Fosforasi (mg) | Protini (g) |
|---|---|---|---|
| Wali mweupe | 35 | 45 | 2.7 |
| Ugali wa sembe | 50 | 35 | 2.5 |
| Ugali wa dona | 100 | 85 | 2.8 |
| Chapati ya unga mweupe | 70 | 70 | 6 |
| Muhogo wa kuchemsha | 200–270 | 30 | 1 |
| Viazi mviringo, bila maganda | 330 | 40 | 1.7 |
| Ndizi za kupika | 300–450 | 30 | 1 |

Hizi ni namba za kukadiria. Ugali mgumu una unga mwingi kuliko ugali laini, na ndizi hutofautiana kwa aina na kwa upishi. Sahani ya mtu mzima ni karibu gramu 300, kwa hiyo zidisha kwa tatu. Wali unaleta potasiamu ya miligramu 100 hivi, viazi karibu 1,000. Mgonjwa aliyewekewa kikomo mara nyingi hupewa miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima.

## Ugali: sembe na dona

Potasiamu. Zote mbili ziko chini. Dona ina mara mbili ya sembe, lakini hata sahani kamili ya dona, miligramu 300 hivi, ni theluthi ya sahani ya viazi. Ule usemi kwamba mgonjwa wa figo asile ugali hauna msingi kwenye hesabu hii.

Fosforasi na protini. Hapa ndipo sembe na dona zinapoachana. Kukoboa huondoa kiini na ganda, na fosforasi nyingi huenda na pumba. Mwenye fosforasi ya kawaida hana haja ya kuikimbia dona, kwa kuwa sehemu kubwa yake hainyonywi. Mwenye fosforasi iliyopanda anapata nafuu kidogo kwa kuhamia sembe, ingawa kabla ya kuilaumu dona aangalie kwanza soda, dagaa wanaoliwa na mifupa, na maziwa. Sahani ya ugali ina protini ya gramu 7 hadi 8. Sahani mbili kwa siku ni gramu 15 hivi, yaani karibu theluthi ya zile 48 za mtu wa kilo 60. Watu wengi husahau kuhesabu hii, wakadhani protini ni nyama tu.

Sukari. Dona hupandisha sukari polepole kuliko sembe, na nyuzinyuzi zake huzuia choo kigumu. Hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: figo zikichoka, utumbo mpana huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu, na mtu aliyefunga choo siku tatu anaweza kukuta potasiamu imepanda bila kula kitu kipya.

Chumvi na maji. Hii ndiyo sifa ya ugali isiyosemwa: unapikwa bila chumvi, na hakuna anayeshangaa. Hakuna chakula kikuu kingine kwenye orodha hii kinachokubalika mezani hivyo.

Jikoni. Tatizo la ugali ni mwenzake wa sahani. Bakuli la mchicha uliokaangwa linaweza kuwa na potasiamu zaidi ya miligramu 800, na kikombe cha mtindi cha mililita 250 huongeza 350 na kitu. Mgonjwa aliyebadilisha viazi kwa ugali wa mchicha hajabadilisha kitu. Kabichi, biringanya na bamia ni nyepesi. Sukuma wiki nayo inafaa, ikikatwa nyembamba, ikachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa kabla ya kukaangwa.

Na ule unga wa lishe? Ulezi, soya, karanga na dagaa kila kimoja kinabeba potasiamu, fosforasi na protini kwa wingi. Ni chakula kizuri kwa mtoto anayekua. Kwa mtu mwenye figo hatua ya 4 ni mzigo unaokuja kwa jina la dawa.

Unamfaa nani. Sembe: mwenye potasiamu au fosforasi ya juu. Dona: mwenye majibu mazuri, mwenye kisukari, na mwenye choo kigumu.

## Wali

Potasiamu. Wali mweupe ndio wa chini kuliko vyote hapa. Mchele wa kahawia una mara mbili na zaidi, karibu miligramu 80 kwa gramu 100, lakini bado uko chini.

Fosforasi na protini. Fosforasi ni kidogo, protini ni kama ya ugali.

Sukari. Huu ndio udhaifu wake. Wali mweupe unapandisha sukari haraka na ni rahisi kuula mwingi kwa sababu unateleza. Mwenye kisukari apime kwa kikombe: kikombe kimoja cha wali ulioiva, kisha mboga nyepesi ijaze pengo. Mkebe wa kupimia uwekwe jikoni, maana macho hudanganya.

Jambo la hatari hapa ni kinyume chake. Figo zilizochoka huchelewa kuondoa insulini, hivyo dozi ya zamani inakuwa kubwa mno na sukari hushuka. Mgonjwa aliyechoma sindano kisha akakataa wali kwa kuogopa sukari yuko kwenye njia ya kuzimia. Ikishuka, mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Aliye na potasiamu ya juu asipewe juisi ya chungwa wala ndizi mbivu.

Chumvi na maji. Tofauti na ugali, wali huwekewa chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kilo ya mchele, ikagawanywa sahani nne au tano, tayari ni gramu 1 au zaidi kwa kila sahani. Pilau ya kyubu (vile vidonge vya kuungia mchuzi) ni mbaya zaidi, kwani karibu nusu ya uzito wa kyubu ni chumvi. Bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu vinatosha kabisa kuipa pilau harufu yake.

Jikoni. Wali wa nazi hulaumiwa kupita kiasi. Mililita 400 za tui zito zina potasiamu ya miligramu 900 hivi. Zikipikia nusu kilo ya mchele wa sahani nne, kila sahani inapata 220 za ziada, hivyo jumla ni 320 au zaidi kidogo. Si wali mwepesi tena, lakini bado ni theluthi ya viazi. Tui jepesi, nusu ya kipimo, ladha inabaki. Maji ya dafu ndiyo ya kuogopwa: glasi moja huwa na miligramu 500 au zaidi, na huletwa wodini kwa upendo.

Unamfaa nani. Mwenye potasiamu ya juu kabla ya vyote, na mgonjwa asiye na hamu ya kula. Kwa huyu wa pili, kijiko cha mezani cha mafuta ya alizeti juu ya wali wake huongeza kalori 120 bila potasiamu wala fosforasi.

## Ndizi za kupika

Potasiamu. Iko juu, na kuiva au kutoiva hakuipunguzi.

Fosforasi na protini. Fosforasi ni kidogo. Protini ni gramu 3 kwa sahani nzima, jambo linalowafaa wanaopunguza protini na kuwatesa wanaosafishwa damu.

Sukari. Ndizi mbichi zilizochemshwa hupandisha sukari taratibu kuliko ndizi mbivu. Kama ni kisukari tu na potasiamu iko sawa, ndizi ni chaguo zuri kuliko wali.

Chumvi na maji. Mtori una maji mengi, nao huhesabiwa kwenye kipimo cha kinywaji.

Jikoni. Potasiamu huyeyuka kwenye maji. Swali la kuuliza kwa kila pishi la ndizi ni moja: maji yalikwenda wapi? Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba na kufukizwa hayakugusa maji, kwa hiyo kila kitu kimebaki ndani. Mtori unasagwa pamoja na supu yake, na supu ya nyama imeongeza potasiamu yake mwenyewe. Ndizi nyama ya mchuzi mzito, vilevile. Njia inayopunguza ni kumenya, kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye maji mengi, kumwaga, kisha kumalizia kwenye maji mapya au kwenye kitunguu na mafuta. Ladha inabadilika, na anayetoka Kagera au Kilimanjaro ataiona tofauti hiyo kwenye tonge la kwanza. Ni afadhali kusema hivyo mapema kuliko kumwahidi kwamba hatahisi kitu.

Zinamfaa nani. Mwenye potasiamu ya kawaida, hasa akiwa na kisukari na anapunguza protini. Mwenye potasiamu ya 5.5 na zaidi aziweke kando mpaka majibu yashuke, kisha azirudishe kwa vipande vitatu au vinne vilivyochemshwa mara mbili.

## Viazi mviringo

Potasiamu. Juu vikipikwa kawaida. Lakini viazi vina faida ambayo ndizi haina kwa kiwango hicho: vinakubali kuoshwa potasiamu. Vipande vya mchemraba vikichemshwa hupoteza karibu nusu. Vikikwanguliwa kwa kikwaruzo na kuchemshwa, hadi robo tatu inaweza kuondoka.

Fosforasi na protini. Kidogo kwa zote mbili.

Sukari. Hupandisha haraka, hasa vikipondwa.

Chumvi na maji. Vyenyewe havina chumvi, ila chipsi hunyunyiziwa kwa mkono mzito, halafu tomato sosi juu.

Jikoni. Kwa nusu kilo ya viazi:

1. Menya. Kata vipande vya unene wa sentimita 1, au vyembamba zaidi.
2. Suuza mpaka maji yasiwe meupe.
3. Weka kwenye sufuria yenye lita 2 hadi 2.5 za maji. Vipande vielee kwa nafasi, visibanane.
4. Chemsha dakika 5 hadi 8, mpaka kisu kianze kuingia kwa shida.
5. Mwaga maji yote. Yatakuwa na rangi ya chai dhaifu na ute kidogo. Hayo yasitumike kwa mchuzi wala uji.
6. Weka maji mapya yanayochemka, lita 2, malizia kuivisha, mwaga tena.

Makosa yanayorudiwa ni haya. Kuloweka viazi usiku kucha kwenye maji baridi na kuridhika hapo: maji baridi peke yake hutoa kidogo sana, joto ndilo linalofungua kiazi. Kuchemsha vikiwa vizima na maganda. Kutumia maji kidogo, kisha kuyaacha yakauke, potasiamu ikarudi ilikotoka. Na kosa la mwisho linaumiza zaidi kwa sababu mtu amekwisha fanya kazi yote: kuunga viazi hivyo kwa vijiko viwili vya mezani vya nyanya ya kopo, na kurudisha miligramu 300. Unga kwa kitunguu, karoti kidogo, hoho na ndimu.

Chipsi za kibandani hazijapita hatua hizi. Sahani ya gramu 200 ina potasiamu ya miligramu 1,000 hivi. Za nyumbani zinaweza kuchemshwa kwanza, zikaushwe kwa kitambaa, ndipo zikaangwe.

Kuchemsha mara mbili huondoa pia vitamini C na baadhi ya vitamini B, kwa hiyo asiyehitaji asifanye. Ni kazi, ni mkaa, na ni hasara kwa mtu mwenye potasiamu 4.5.

Vinamfaa nani. Mwenye majibu mazuri, kama kawaida. Mwenye potasiamu iliyopanda kidogo, kwa njia hii, mara mbili kwa wiki na mwenye muda wa kupika.

## Muhogo, na ndugu zake

Potasiamu. Ya kati. Viazi vitamu vya kuchemsha viko hapohapo, miligramu 230 kwa gramu 100, lakini vya kuchoma hufika 475. Magimbi yana karibu 480 na viazi vikuu zaidi ya 600.

Fosforasi na protini. Zote ndogo. Kwa anayekula muhogo kila siku na anasafishwa damu, hii ni shida: sahani nzima inampa gramu 3 au 4 tu.

Sukari. Inapanda, ila si kwa kasi ya wali. Viazi vitamu vya kuchemsha ni bora kuliko vya kuchoma hapa pia.

Chumvi na maji. Magadi yanayowekwa kwenye kisamvu na maharage ili yalainike ni sodiamu tupu. Loweka maharage usiku badala yake, na mwaga maji ya kulowekea.

Jikoni. Muhogo uliomenywa na kukatwa huchemshwa kwa kumwaga maji kama viazi. Muhogo mchungu ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Sumu yake huvunjwa mwilini kwa msaada wa protini, na mabaki yake hutolewa na figo. Mgonjwa anayekula protini kidogo na mwenye figo dhaifu amepungukiwa pande zote mbili. Unga wa muhogo utokane na muhogo uliolowekwa siku kadhaa na kuanikwa ukakauka vizuri, kutoka kwa mtu unayemjua.

Unamfaa nani. Asiyesafishwa damu anayepunguza protini, potasiamu yake ikiwa ya kawaida au imepanda kidogo tu.

## Chapati, mkate na maandazi

Potasiamu ni ndogo. Protini ni ya juu kuliko vyote hapa, faida kwa anayesafishwa damu. Sukari hupanda, na chapati mbili zina wanga wa sahani ya wali. Mzigo uko kwenye chumvi na fosforasi: mkate wa dukani una sodiamu karibu miligramu 490 kwa gramu 100, na maandazi ya baking powda yana fosforasi ile inayonyonywa yote. Jikoni, tumia hamira ya chachu, kanda chapati bila chumvi, weka iliki kwenye maandazi. Atta (unga wa ngano usiokobolewa) ina potasiamu na fosforasi mara tatu ya unga mweupe. Zinamfaa nani: anayesafishwa damu ambaye nyama imemshinda, na yeyote anayezikanda nyumbani mwenyewe.

## Uchague kipi kwa hali yako

*Potasiamu chini ya 5.0, hatua ya 1 hadi ya 3.* Kula chakula kikuu cha kwenu. Nguvu zako zielekeze kwenye chumvi, presha na sukari. Dona na ndizi za kuchemsha zina nafasi nzuri hapa.

*Potasiamu 5.5 au zaidi.* Wali mweupe au sembe, mboga nyepesi, maji ya kuchemshia yamwagwe. Muulize daktari kuhusu dawa: enalapril, lisinopril, losartan na spironolactone zote hupandisha potasiamu, lakini usiziache mwenyewe, kwani baadhi yake zinalinda figo. Chumvi ya dukani inayouzwa kama nafuu kwa wenye presha mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, isiingie nyumbani. Misuli ikilegea ghafla au moyo ukiruka mapigo, ni hospitali siku hiyohiyo.

*Fosforasi ya juu.* Sembe au wali, hamira badala ya baking powda, na vidonge vya kufunga fosforasi vimezwe pamoja na chakula. Vikimezwa tumbo tupu usiku havina cha kufunga.

*Unasafishwa damu.* Wali, ugali au chapati, pamoja na yai, samaki au kuku kila mlo. Kwa wanaokwenda mara mbili kwa wiki, siku za hatari ni zile za pengo refu kati ya kusafishwa na kusafishwa. Kama viazi au ndizi zitaliwa, zisiliwe ndani ya pengo hilo.

*Kisukari, potasiamu ya kawaida.* Dona, ndizi mbichi au viazi vitamu vya kuchemsha, kiasi cha ngumi moja.

*Kisukari na potasiamu ya juu.* Hapa matakwa mawili yanagongana, na potasiamu hushinda kwa sababu inaua haraka. Wali au sembe kwa kipimo cha kikombe, pamoja na kabichi au biringanya nyingi.

*Ramadhani.* Kufunga kuamuliwe na daktari kwanza, na wengi wa hatua ya 4 na 5 wataambiwa wasifunge. Hata asiyefunga hukaa kwenye mkeka wa futari, na futari ya pwani ni potasiamu juu ya potasiamu: tende, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbivu, maharage, na achari ya mbirimbi, tunda lenye oksaleti nyingi linaloweza kuumiza figo moja kwa moja. Achari hiyo iache; kati ya vingine chagua kimoja tu, kipande kidogo, au tende ndogo moja, na sahani iliyobaki iwe wali au chapati.

*Sufuria ni moja kwa nyumba nzima.* Pika ugali kama kawaida. Wali upikwe bila chumvi na wengine waongeze mezani. Mchuzi ukishaiva kwa kitunguu, kitunguu saumu na ndimu, chota wa mgonjwa kwenye bakuli kabla ya chumvi, nyanya ya kopo na kyubu kuingia.